Sista Kagure, Aliyeimbishwa Langoni

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya miaka ishirini na miwili ya kuwatembelea wagonjwa majumbani mwao, Sista Kagure Wamae atakabidhi begi lake la dawa na kurudi kwao Kiganjo akiwa mstaafu. Mhariri wa jarida letu alimwomba daktari wetu aandike wasifu huu. Daktari akajibu kwamba anayemfahamu Sista vizuri ni yule aliyekaa naye garini. Basi mimi Muriithi, dereva wake, nimeshika kalamu, na kwa kuwa yeye mwenyewe hana habari, leo nitasema yote.

Baba yake alikuwa mpishi, na nadhani ndiko alikojifunzia kuonja kila chungu anachokikuta jikoni mwa watu. Alisomea uuguzi, akafanya kazi katika wodi kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 2003 akajiunga na kituo chetu hapa Nyeri, kinachowahudumia watu wenye maradhi yasiyopona. Wenzake wa wodini walimwonea huruma. Walidhani anakwenda kuishi na huzuni, kumbe ndiko alikokwenda kucheka.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Unamfuata mgonjwa nyumbani, unapunguza maumivu, unasafisha vidonda, unawafundisha watu wake kumgeuza kitandani, unakunywa chai. Chai si hiari. Sista hakuwahi kuanza na habari za ugonjwa. Alianza na ng'ombe, kama anatoa maziwa vizuri, kisha akamgeukia mgonjwa na kumuuliza angependa kufanya nini mwezi huu. Mmoja alitaka kuiona kahawa yake ikichumwa. Mama mmoja wa Kiriaini alitaka kwenda kanisani amevaa viatu, si ndara. Sista aliyachukua maombi hayo kwa uzito uleule wa dawa, nami nikazunguka maduka yote ya Kiriaini nikitafuta viatu vya miguu iliyovimba.

Kama abiria, hana raha kabisa. Kila kona alikanyaga breki ambayo haipo upande wake, mpaka zulia la gari likatoboka. Nimelibadilisha mara mbili na bado ananiambia mimi ndiye ninayeendesha vibaya.

Lakini shida yetu kubwa haikuwa kona wala matope. Ilikuwa malango. Gari letu lina jina la kituo ubavuni, na miaka ile ya mwanzo likionekana limesimama kwa mtu, majirani walianza kumlilia akiwa hai. Watu walitufungia. Wengi waliamini kwamba mofini, dawa yetu ya maumivu makali, ni dawa ya kufunga safari, kwamba ukishaionja umeaga. Kwa hivyo tuliliacha gari kwenye kiwanda cha kahawa, Sista akavaa kitenge juu ya sare, akaificha chupa katika kiondo chini ya sukuma wiki, na kutembea kama mtu anayetoka sokoni.

Hivyo ndivyo tulivyoingia matatani kwa Mzee Mutahi wa Mukurweini. Mzee alikuwa na saratani iliyofika kwenye mifupa, na alikuwa na ombi moja. Binti yake Wangechi alikuwa ameposwa, naye alitaka siku ya ruracio, wakwe wanapokuja kuzungumzia mahari, aketi kwenye kiti chake kama mwenye boma, asisikilizie mambo kitandani. Tena wakwe wasijue kwamba anaumwa. Sista alimwahidi kwamba ataketi, na wakwe hawatajua. Asubuhi ya siku hiyo mkewe Mzee akampigia simu akilia. Shangazi mmoja alikuwa ameimwaga mofini yote, kwa kuogopa dawa ya kufunga safari isilale katika nyumba yenye sherehe. Mzee alikuwa anaumia kiasi cha kushindwa kuvaa koti.

Tulikwenda mbio, na siku hiyo peke yake hakugusa breki yake. Tulipofika, msafara wa bwana harusi ulikuwa umetutangulia kidogo tu na lango lilikuwa limefungwa. Wasomaji wa kwetu mnayajua haya: akina mama wa upande wa msichana husimama ndani, wa upande wa mvulana nje, na lango halifunguliwi mpaka walio nje waimbe wakawaridhisha walio ndani. Sista, na kitenge chake na kiondo chake, akajipenyeza hadi mbele na kubisha.

"Wee mama, ati unataka kuingia hivyo tu?" mama mmoja mnene akamjibu kutoka ndani. "Kama mnataka msichana yetu, imba!"

Angesema yeye ni nani, lango lingefunguliwa papo hapo. Lakini wakwe walikuwa wamesimama begani mwake, na ahadi ni ahadi. Basi Sista akaimba. Niseme ukweli kwa vile hawezi tena kunishtaki: sauti hana. Alitunga palepale, kwa Kikuyu, kwamba amemletea baba wa binti kitu kisichoweza kungoja, na mwenye kupika jikoni anakijua. Akina mama walicheka hadi wakashikana mabega. Akarudia kwa nguvu zaidi, na mara hii machozi yalikuwa yanamtoka. Mkewe Mzee akaisikia sauti ile mbovu kutoka jikoni, akaijua, akaja mbio kulifungua lango mwenyewe. Wakwe wote wakapita nyuma ya Sista bila kuimba hata ubeti mmoja.

Wageni walipokuwa wakipewa uji, Sista alikaa chumbani na Mzee akingoja dawa ifanye kazi. Kisha Mzee Mutahi akatoka amevaa koti na kofia, akaketi. Alibishana na wakwe, akawatania, akala kipande cha nyama. Mambo yalipokwisha, aliinua mkono, akamwonyesha Sista.

"Huyu si wa wageni," alisema. "Mimi niko na cancer. Huyu ni sista wangu, na ni yeye amenifanya nikae kwa hii kiti."

Mzee aliishi akaona msimu mwingine wa kahawa, akafariki kitandani kwake bila maumivu, na aliyekuwa akimnywesha mofini wakati huo ni shangazi yuleyule. Siku hizi pande za Mukurweini gari letu huegeshwa uani, jina likionekana, na watu hutusimamisha njiani wakiuliza tutafika kwao lini. Sahra Abdiaziz, muuguzi kutoka Nanyuki ambaye Sista amemfunza kwa mwaka mzima, anarithi malango yaliyo wazi. Zulia pia nimemwonyesha.

Sista, utakaposoma haya utakuwa umeketi ukumbini kwenye sherehe ya kukuaga na mimi nitakuwa nimekukimbia. Wangechi amekuja pamoja na yule mama mnene na wenzao wote. Wako kwenye lango la kituo, na wamelifunga. Wanasema mwaka ule uliwapitisha wakwe bure, na leo hutoki mpaka uimbe wakaridhika. Sisi wenzako tumewaunga mkono, maana hatuko tayari kukuona ukiondoka.

Asante kwa kila mtu uliyemkalisha kwenye kiti chake. Tunakuombea heri na afya huko Kiganjo, Sista Kagure. Gari nimelizima. Imba polepole.