Chumvi ya Mugeni wa Korongo

IMMACULÉE: Haloo? Haloo, nani huyo?

PAPA EDOUARD: Nani tena. Baba yako. Niko juu ya kichuguu hapa shambani, njo pahali rezo ya simu inapatikana. Ukisikia upepo usikate.

IMMACULÉE: Sikati. Jambo sana, Papa. Mumeamukaje?

PAPA EDOUARD: Tumeamuka. Nyinyi huko Kalemie?

IMMACULÉE: Tuko. Mugeni alifika? Ule Blanchard niliyemutuma, wa kutazama ndege?

PAPA EDOUARD: Alifika jua halijatoka, na jumele yake ya kutazamia mbali shingoni. Korongo weupe wamerudi, mutoto wangu. Wanakimbia baridi ya Ulaya. Wametua penye maji, mia na—

IMMACULÉE: Na chumvi alileta?

PAPA EDOUARD: —mia na kitu. Mama yako Odile angekuwa hai, leo angeshika jembe. Odile hakungoja redio imuambie habari ya mvua. Korongo wakitua, yeye anapanda maharagwe.

IMMACULÉE: Papa. Chumvi.

PAPA EDOUARD: Alileta mufuko muzima. Anasema ni pole ya matanga ya mama yako. Nikamushukuru.

IMMACULÉE: Mulikula naye?

PAPA EDOUARD: Mbona unaniuliza kama muntu wa duane mupakani? Ngoja nikuhadithie. Korongo wakiruka, anasema tuwafuate. Tukatoka mutoni mpaka kwenye muti wa muvumu. Toka muvumu mpaka kaburi ya mama yako. Toka kaburi mpaka barabarani. Kila tukisimama, anaandika. Na kapita, mujumbe wa chefu wa kijiji, yuko nyuma yetu, anapiga miayo. Nikamuuliza, we kapita, tangu lini unapenda ndege? Akatazama viatu vyake.

IMMACULÉE: (anafunga mulango wa biro)

PAPA EDOUARD: Haloo?

IMMACULÉE: Niko.

PAPA EDOUARD: Basi pale kaburini, ndege wote wako upande wa maji, mwenzangu jumele ameielekeza kwa muhogo. Nikasema, maskini, kumbe hajui kuitumia.

IMMACULÉE: Papa, rezo ni mbaya, nitawapigia—

PAPA EDOUARD: Nimesema usikate. (upepo) Pembe ine, Immaculée. Pembe ine za shamba, kapita nyuma, kisha chumvi ya mugeni ndani ya chungu cha mwenye shamba. Huku kwetu hiyo inaitwa nini? Inaitwa kumupa muntu shamba. Babu yako alilipata hivyo hivyo. Nilikuhadithia wewe, umekaa kwa goti langu. Blanchard sikumuhadithia. Nani alimuhadithia?

IMMACULÉE: Papa, niko kwa biro miaka tisa bila matrikule, namba ya kazi ya serikali. Miaka tisa wananiita, Immaculée leta, Immaculée andika, na jina langu haliko kwa karatasi yoyote. Mukubwa wangu alisema kama nikimusaidia kupata—

PAPA EDOUARD: Wakubwa. Daraja yetu ilianguka, hawakuja. Mama yako alikufa akingoja dawa, hawakuja. Leo wanajua mpaka muvumu wangu uko wapi.

IMMACULÉE: Watu wa Blanchard watapanda miti ya mawese tu. Kaburi hawataigusa, mukubwa aliniahidi.

PAPA EDOUARD: Alikuahidi na matrikule vilevile.

IMMACULÉE: (sauti chini) Papa, mulikula? Niambieni tu kama mulikula.

PAPA EDOUARD: Nilipika maharagwe. Kapita alikula sahani mbili. Blanchard alikula kidogo, ananitazama kinywa tu.

IMMACULÉE: Na nyinyi, Papa?

PAPA EDOUARD: Mwezi wa saba nilianguka na tansio, damu imepanda. Nani alinipeleka hospitali?

IMMACULÉE: Ni mimi.

PAPA EDOUARD: Nani alikuwa amekaa pale wakati munganga anasema, muzee, chumvi basi, hata punje?

IMMACULÉE: ...Ni mimi, Papa.

PAPA EDOUARD: Chungu changu cha bila chumvi kilikuwa pembeni. Kapita alikiona, nikamuambia kwa haya, siku hizi nakula kama mutoto muchanga. Na kapita anajua: mwenye shamba asipoonja, hajatoa kitu. Mufuko unarudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo.

IMMACULÉE: Musiurudishe. Papa, nawaomba. Wiki hii njo wanasaini majina yetu, mimi ni wa tatu kwa—

PAPA EDOUARD: Nimeshaufunga kwa kinga, baiskeli yangu, kapita amurudishie mwenyewe.

IMMACULÉE: Papa—

PAPA EDOUARD: Habari ya shamba, labda siku moja nitaielewa. Miaka tisa ni mingi. Lakini tansio yangu ulisahau, Immaculée. Ungeikumbuka, ungewaambia walete sukari.

IMMACULÉE: (analia) ...

PAPA EDOUARD: Futa macho, uko kwa biro. Simu inanipigia kengele, yuniti zinaisha. Nikitoka kwa kapita napanda maharagwe, korongo hawatanigoja. Na siku ya kuvuna—

(Mulio. Simu inakatika.)

IMMACULÉE: Siku ya kuvuna nini, Papa? Nije? Haloo? Nije ao nisije?