Mbuzi Aliyezaa Baada ya Kuuzwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nimesimama hapa Siakago nikiwa mtu huru, na bado nina hasira. Msinishangae. Wokovu haukunikata ulimi.

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ilipopigana na wapiganaji wa msituni, nilikuwa mwalimu kijana. Baba alikufa nikiwa shuleni, na karo ya chuo cha ualimu ikatoka kwa Mzee Nyaga, hedimani wetu, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali. Alitoa mbuzi majike, wakauzwa sokoni, nikasoma. Tulipatana mbele ya wazee kwamba nikianza kazi nitamrudishia mbuzi mmoja kila mavuno mpaka waishe. Nilimshukuru hata nikamwita baba.

Kumbe! Mbuzi wa kwanza niliyempelekea, Nyaga alimtazama meno, akasema huyo ni wa watoto tu. Watoto gani? Mnajua desturi yetu: ukikopeshwa mbuzi jike, watakaozaliwa nao ni wa mwenye mbuzi. Lakini ndugu zangu, hao waliuzwa! Waliliwa, na ngozi zao zikakaliwa! Bado kwa hesabu za Nyaga walikuwa wakizaa, tena mapacha, tena hawajui ukame wala chui. Wangu walikufa kiangazi, wake wa hewani wakanenepa. Nani angemuuliza? Nyuma yake kulikuwa na homugadi, wale askari wa kijiji wa serikali, na bunduki, na asiyempendeza alipelekwa kizuizini.

Nilikuwa na mbuzi niliowaweka kwa mahari ya Wawira, mchumba wangu. Moyo ukanisumbua: niwatoe wote nimalize deni mapema, au niende polepole kama tulivyopatana? Mama alikataa katakata. Alisema haraka haraka haina baraka, na hedimani akilipwa kabla ya wakati ataona nimemtukana. Na mimi nilitaka kuoa, jamani!

Kisha Nyaga akaniita. Alitaka niseme mbele ya mzungu wa wilaya kwamba nilimwona jirani yangu Ireri akipeleka chakula kwa watu wa msituni. Uongo mtupu! Ireri alikuwa na shamba zuri kando ya mto, na Nyaga alilimezea mate. Nikamwambia sikuona kitu. Akacheka, akasema, "Mwalimu, hayo macho niliyasomesha mimi."

Ndugu zangu, niliondoka pale nikijisemea njia nzima! Yaani mtu akulipie karo, halafu adai na ulimi wako? Nikaomba, nikalia, kisha nikaenda kwa Wawira nikamweleza yote. Aliniambia, "Lipa. Mahari itangoja. Mimi siolewi na mtumwa wa Nyaga."

Asubuhi niliwaita wale wazee wa mapatano, nikawaswaga mbuzi wangu wote hadi kwa Nyaga. Kwetu mbuzi wa deni akiingia zizini mbele ya mashahidi, amepokewa. Alilijua hilo! Akasimama mlangoni pa zizi, mikono kiunoni, akisema wakati haujafika na watoto hawajahesabiwa. Wazee wakatazama chini. Nikaona nimekwisha.

Hapo Mungu akasimama! Mke wake mkubwa, Mama Njue, alitoka jikoni, akampita, akavuta magogo ya mlango. Mbuzi wakaingia wote. Nyaga akafoka. Mama Njue akamjibu mbele yetu, "Mimi ndiye ninayekata majani ya mbuzi hapa. Hao watoto unaowahesabu sijamwona hata mmoja." Wazee wakacheka mpaka wakashika fimbo. Mkubwa wao akatangaza deni limekwisha. Haleluya!

Si kwamba mambo yalikuwa rahisi. Nilipomwambia mzungu sikuona kitu, homugadi walinipiga virungu njiani, na ualimu nikafukuzwa. Nililima mashamba ya watu kwa kibarua. Baba ya Wawira alinung'unika weee, lakini alingoja, na leo mama wa watoto wangu ni yule pale mwenye leso nyeupe.

Ndugu yangu, wewe unayelipa polepole kwa mtu anayekutuma uongo, usimngoje akuonee huruma. Hana! Uza unachokipenda, lipa, mtegemee Bwana. Mimi sikufa njaa. Na yule waliyetaka nimuuze hakulala kizuizini hata siku moja. Amekaa nyuma kule na watoto wake. Ireri, simama wakuone!