Chumba cha Alasiri Makadara

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi yetu, Bwana Chifu, Ustadhi na Kasisi mlioketi benchi moja, Mzee Mzamil mwenye nyumba hii, Bi Mbodze, wazazi wenzangu, na nyinyi watoto mlioahidiwa biskuti mkitulia: asalamu aleikum, na Bwana asifiwe. Mheshimiwa leo amefika kutufungulia chumba hiki cha watoto kabla hata ya viti kupangwa. Tunamshukuru, na tunamwomba aendelee hivyo hivyo hata baada ya uchaguzi.

Mimi ni Mwende, mama yake Mumo, karani katika afisi moja ya kuondosha mizigo bandarini Kilindini. Wengi mwanijua kwa ukali wangu katika mikutano ya wazazi, nami siombi radhi.

Naanza na swali. Shule huwaachilia watoto alasiri, afisi hutuachilia sisi jua likizama. Hapo katikati mtoto ni wa nani? Jirani zangu Waislamu, watoto wao huenda chuoni kusoma Kurani. Wetu sisi tuliotoka bara walibaki barabarani hapa Makadara, kati ya tuktuk na makarai ya mafuta. Nilitafuta yaya. Alipomaliza kunitajia mshahara anaoutaka, niliona afadhali yeye aende afisini kwangu, mimi nibaki na mtoto. Vituo vya kulelea watoto navyo vilitaka zaidi ya kodi ya nyumba yangu. Basi nikafanya tunalofanya watu wa bara tukishindwa: nikampandisha Mumo basi pale Mwembe Tayari, akaenda Kitui kwa nyanya yake. Alikuwa na miaka sita. Sasa ana minane, na nikimpigia simu huniamkia kama mgeni, kisha humrudishia nyanya simu yake. Liliniuma jambo hilo, na linaniuma hata sasa nikisimama mbele yenu.

Ndugu wageni waalikwa, sikuwa peke yangu. Tuliketi wazazi wa bandarini, na Charo, ambaye hupakua mizigo melini, akasema fedha hatuna, lakini kazi yetu ni ya zamu, kwa hivyo saa tunazo. Aliyefanya kazi usiku alale asubuhi, alasiri ashike watoto wa wenzake. Tukamwendea Mzee Mzamil kukodi chumba. Mnajua alivyotujibu? "Hicho hapo chalala bure na magunia yangu. Yaondoeni, mufagie. Kodi tutazungumza watoto wakishajua kusoma." Watoto wanasoma sasa, na mzee hajaitaja tena kodi. Naomba asikumbushwe na mtu.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka zikaingia meli mbili kwa pamoja. Sote tukaitwa kazini, hata waliokuwa wamelala. Kwa werevu wetu wote, hakuna aliyewaza kwamba watu wa bandarini huitwa siku moja. Watoto wakakuta mlango umefungwa. Bi Mbodze, aliyekuwa akikaanga viazi hapo kona, alizima jiko lake akawaketisha barazani hadi tuliporudi, na alitusema mbele ya watoto wetu: "Nyinyi mwafanya kazi na meli. Mbona hamukutuuliza sisi tusio na meli?"

Tukawauliza. Kina mama wa mtaa huu, watoto wao wakiwa chuoni, wanatupa alasiri zao. Ramadhani chuo kikifungwa nao wakiwa jikoni na futari, sisi tunashika watoto wao pamoja na wetu. Kwaya ya Krismasi ikituita kila jioni, zamu inarudi kwao. Kila mzazi anatoa alasiri mbili kwa mwezi, na mchango ambao hata kibarua anaumudu. Mchango huo ni mshahara wa Bi Mbodze, msimamizi wetu, maana hatukutaka nafuu yetu itoke mgongoni mwake.

Waajiri mlioko hapa, mwachieni mzazi alasiri zake hizo mbili. Mtapata mfanyakazi asiyeitazama saa kila dakika. Mheshimiwa, umeahidi tangi la maji. Watoto wamekusikia, na hawa hawasahau.

Je, chumba hiki kitadumu? Kitadumu. Nilijiapia kwamba simrudishi Mumo mpaka nijue mlango huu hautafungwa tena mbele ya mtoto. Wiki iliyopita aliniuliza kwenye simu, "Mama, nikija huko, ukienda kazini nitakaa na nani?" Swali hilo ndilo lililompeleka Kitui, na kwa miaka miwili sikuwa na jibu. Safari hii nilimjibu papo hapo: "Utakaa na Bi Mbodze, na baba Charo, na siku mbili utakaa na mimi." Akauliza kama aje na mpira wake.

Nyanya yake amempandisha basi asubuhi. Bi Mbodze, aliyenishikia simu, amenipungia mkono sasa hivi kwamba basi limevuka Makupa na kuingia kisiwani. Nataka nifike Mwembe Tayari kabla hajashuka, asinitafute kwa macho. Mheshimiwa, utepe ukate wewe. Mimi naenda kumchukua mwanangu. Kwa masikio mliyonipa, asanteni sana.