Targelia Quizhpi na Maneno ya Nyumba Nzima

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Geuzeni viazi visiungue, kisha sogeeni karibu na redio.

Leo tunamkumbuka Targelia Quizhpi wa hapa kijijini kwetu Chaquiloma. Amefariki Jumanne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mmoja. Narudia kwa walio mashambani: Targelia Quizhpi, mjane wa Segundo, mama yake Lauro, amefariki. Alikutwa kitandani, ghorofa ya tatu, ndani ya nyumba ya mwanawe.

Nitasimulia niliyoyaona mwenyewe, na niliyoambiwa na Mama Digna, jirani yake, ambaye ndiye mama wa ubatizo wa Lauro. Sitapamba kitu. Marehemu hakupenda mapambo.

Targelia alisoma shule miaka mitatu, akatolewa ili achunge. Aliolewa na Segundo, aliyempa mtoto mmoja na kovu moja kwenye paji la uso, kisha akafia mtaroni na chupa mkononi. Mama huyu akabaki na ng'ombe wawili, shamba la viazi lenye mteremko ambao hata mbwa huteleza, na Lauro wake.

Lauro aliondoka akiwa na miaka kumi na tisa. Alikwenda New York, kama nusu ya vijana wetu. Na kama wenzake, baada ya miaka kadhaa akaanza kujenga huku. Nyumba yake mnaijua. Ghorofa tatu. Vioo vya buluu. Nguzo nne mbele, na gereji isiyo na barabara ya kuifikia. Hakuna aliyelala humo. Hakukuwa na samani humo, ila kitanda kimoja kikubwa cha Lauro mwenyewe, kingali na nailoni ya dukani. Mama yake aliishi nyuma, katika kibanda cha udongo. Alishika funguo na alifagia. Basi.

Mama Digna anasema: "Nilimuuliza Lauro kwenye simu, 'We mtoto, mama yako anatetemeka kwa baridi na vyumba saba viko vitupu, huoni haya?' Akanijibu, 'Mama Digna, mama ananuka moshi. Akilala humo, nyumba itanuka kabla sijaifungua.' Nikamwambia, huo moshi ndio uliokupikia uji. Akakata simu."

Lakini Targelia hakutaka nyumba ile. Sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo maisha yake yote yalipofungwa. Alitaka kitu kimoja tu: kwenda kuishi na mwanawe. Kula naye meza moja. Lauro alikuwa amekwisha kupata karatasi zake za ukaazi, baada ya kumwoa mwanamke wa kule, Denise. Angeweza kumwita mama yake. Badala ya kumwita, akampa sharti.

"Mama, huku ni fleti. Kila kitu ni Kiingereza. Ukibonyeza kitufe kisicho chake utatuunguza sote. Jifunze maneno ya nyumba nzima. Siku utakayoyamaliza, nakuita."

Orodha ya kwanza ilikuja. Sebule. Maneno arobaini: kochi, zulia, pazia, dari, soketi. Mtihani ungekuwa Jumapili baada ya misa, kwa simu. Ukikosea moja, unarudia orodha nzima.

Targelia aliingia kwenye ile nyumba tupu na ufagio. Mahali pa kochi aliweka jiwe. Gunia la viazi likawa jokofu. Ndoo mbili zilizopinduliwa zikawa mashine ya kufulia na ya kukaushia. Alipita chumba hadi chumba, akigusa kila kitu kwa mpini wa ufagio na kukitaja kwa Kiingereza. Alimtajia ng'ombe maneno hayo akimkamua. Aliyataja akipalilia.

Matamshi aliyapata hapa redioni. Kila Jumamosi saa kumi tulikuwa na somo la Kiingereza, na mwalimu wa somo hilo nilikuwa mimi. Alikuwa akipiga simu hewani. "Binti, hilo la kabati la nguo, lirudie polepole, ulimi wangu mzee." Ninalirudia, naye analirudia, vibaya. Siku moja nilimfanya alirudie neno mara tano, si kwa kumfundisha. Fundi mitambo alikuwa ameangua kicheko, nami nilitaka aendelee kucheka.

Nanyi pia mlicheka. Msinyamaze sasa. Sokoni mlimwita Madam.

"Madam! Kuku kwa Kiingereza analala chumba gani?"

"Analala kwa mama yako," alijibu Targelia, "na asubuhi anatoka na chawa."

"Madam, huko New York utaenda na huo ufagio, au utaupanda?"

"Nitaupanda. Nikipita juu ya paa lenu, wekeni ndoo, nitawanyeshea."

Alikuwa na mdomo huyu mama. Lakini Mama Digna anasema alikuwa akifika nyumbani anakaa chini, anauliza: "Digna, hivi kweli mimi ni kichekesho?" Na Digna, ambaye hajui kudanganya, alimjibu: "Ndiyo. Endelea kusoma."

Sebule ilichukua miezi minne. Chumba cha kulala, mitano. Bafu lilikuwa balaa, maana Lauro alikuwa akifungua spika ya simu ili mkewe asikie, kisha anamtaka mama yake aseme "choo" mara nne, mara tano. Targelia alisikia kicheko cha mwanamke. "Denise ni mchangamfu," alimwambia Digna.

Miaka mitatu, orodha nane. Ngazi, roshani, stoo, hata majina ya vitu vya fundi bomba. Kila akimaliza moja, Lauro alikumbuka nyingine. Ya tisa ilikuwa jikoni, na Lauro alisema ndiyo ya mwisho. Targelia akapigwa picha ya pasipoti kule mjini Azogues. Akakaanga mahindi ya safari. Akakausha nyama ya simbilisi wawili, wale wa kufugwa wadogo kama sungura, ya kumpelekea mwanawe, akaifunga kwenye kitambaa cheupe. Mwaka jana, Jumapili ya tatu ya Machi, akakaa mbele ya simu na gauni lake la kanisani, Mama Digna kando yake.

Mama Digna alisimulia hivi, nami namnukuu kama alivyosema.

"Lauro alipokea, akasema, 'Subiri kidogo, mama.' Simu hakuifunga. Tukamsikia anaongea na mkewe kwa Kiingereza. Mimi Kiingereza sijui hata salamu. Mara nikamwona Targelia anacheka, amenishika mkono. Akaninong'oneza, 'Digna, ninaelewa! Ninawaelewa wanavyoongea, si maneno ya orodha tu, ninaelewa yote!' Nikamwambia, wanasema nini? Akawa ananitafsiria, mbio mbio, kwa furaha, kama mtoto anayesoma kibao cha duka. 'Denise anasema, hatuna chumba. Lauro anasema, najua, tulia. Denise anasema, sasa akimaliza hii utamwambia nini? Lauro anasema, nitampa bustani. Anasema, halafu gereji. Anasema, yule atakufa kabla hajafika hapa, na mimi sitakuwa nimesema hapana.'"

"Akafika hapo," anasema Mama Digna, "ndipo akasikia alichokisema kwa mdomo wake mwenyewe. Mkono wake ukaniachia."

Wasikilizaji wapendwa, Lauro alirudi kwenye simu. Akasema, "Haya mama, tuanze. Jiko." Na Targelia akajibu. Sufuria, akajibu. Chujio, akajibu. Oveni, bomba, kifuniko, ubao wa kukatia. Yote arobaini, bila kukosea hata moja. Mama Digna alihesabu kwa punje za mahindi.

Lauro akasema, "Lile la chujio hukulitamka sawasawa, mama. Tutarudia Jumapili ijayo."

"Sawa, mwanangu," akasema Targelia.

Hakupokea simu ya Lauro tena. Sikumsikia tena kwenye somo langu la Jumamosi.

Jumatatu iliyofuata alifungua nyumba ya vioo, akahamia. Alivunja dirisha moja la sebuleni ili moshi utoke, akapanga mawe matatu juu ya marumaru, akawasha kuni. Simbilisi aliwafuga kwenye sinki kubwa la kuogea. Kuku walipanda ngazi wenyewe. Ile nailoni ya kitanda aliichana kwa kisu cha viazi, akalala katikati, na mbwa miguuni. Mimi nilikwenda kumwona mara moja. Nilikwenda kumwomba radhi, kwa kweli. Alinipa mahindi ya kuchemsha na jibini.

"Mama, una raha humu?" nikamuuliza.

"Raha ya nini? Baridi ni ileile," akasema. "Nyumba kubwa haipati joto. Lakini nimempa jibu, na atalikuta kwenye kila ukuta."

Akaniangalia. "Wewe binti ulinifundisha vizuri. Nisingeelewa, ningekufa nikisoma bustani, nina furaha. Unaona ulichonifanyia?"

Nikala mahindi yake mpaka yakaisha.

Aliishi humo mwaka mmoja na wiki chache. Mapafu ndiyo yaliyomuua, kwa baridi na moshi. Mama Digna ndiye aliyempigia Lauro. Anasema Lauro alilia. Namwamini kwamba alilia.

Jana Lauro alipiga hapa redioni. Aliomba tusome tangazo, na kazi yangu ni kusoma matangazo. Nalisoma kama lilivyo: "Familia ya marehemu inaomba mkesha ufanyike kwenye ukumbi wa parokia, si nyumbani kwangu, kwa sababu sakafu na kuta zinahitaji matengenezo na hazifai kuongezewa uharibifu. Ahsanteni, Lauro." Mwisho wa tangazo.

Kwa familia, tunatoa pole. Kwa Mama Digna, aliyemwosha na kumvika, pole sana. Kwako Lauro, najua unatusikiliza kwenye simu yako: pole. Huku umefiwa na mama aliyekuelewa.

Na nyinyi wengine mlioko ng'ambo, fikirini leo. Kama hutaki mama yako aje, mwambie hapana. Itamuuma. Lakini itakuwa ni neno moja, na atalielewa bila mwalimu.

Nina tangazo la pili, la Mama Digna, mwenye funguo sasa. Mkesha ni leo kuanzia saa kumi jioni, sebuleni, nyumba ya vioo vya buluu. Mvua imenyesha tangu Alhamisi ya wiki jana na njia ni matope matupu. Mama Digna anasema mtoke mashambani moja kwa moja, mje na buti zenu, na mlangoni hakuna tambara la kufutia miguu.