Pasi na Ubeti wa Tatu wa "Taa ya Dirishani"

Baada ya miaka thelathini na nne katika bendi ya redio yetu, mwimbaji wetu mkuu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kwenye mafaili ana majina matatu marefu. Kwetu wapiga vyombo ni Pasi, maana hajawahi kupanda jukwaani na suruali yenye mikunjo, wala hakuturuhusu sisi tupande na zetu. Mimi mpiga ngoma amewahi kunirudisha mara mbili kwa sababu ya kola.

Aliajiriwa kubeba spika. Siku moja mwimbaji aliugua ghafla, Pasi akasukumwa mbele ya maikrofoni aimbe "Taa ya Dirishani", wimbo wa mapenzi ambao wazazi wetu walichumbiana nao. Karatasi aliyopewa ilikuwa imechanika chini, ina beti mbili tu. Alipomaliza wa pili vyombo vikawa bado vinadai, akaurudia. Watu walishangilia, na sisi tukajifanya ndivyo ulivyo. Tukauimba hivyo miaka yote, na maharusi wasio na idadi wakaucheza na kasoro yake.

Mwaka jana alipasuliwa koo. Daktari akamruhusu kuimba nusu saa kwa siku, basi. Tulidhani ataaga kimyakimya. Badala yake alitangaza kwamba haondoki mpaka aurekodi wimbo ule mzima, akaenda kumtafuta mjane wa mtunzi, ghorofa ya nne, lifti mbovu.

Bibi yule alimpa chai, kisha akampa ukweli wake: "Mume wangu aliniomba radhi kwenye ubeti wa tatu. Kila nikifungua redio niisikie, wewe unairuka."

Pasi alirudi na maneno yote mfukoni na uso wa mtu aliyechapwa. Siku kumi na moja mfululizo sauti ilimkatikia kwenye ubeti huohuo, nusu saa ikaisha, akafunga shingo kwa skafu akaenda nyumbani. Fundi mitambo alijitolea kuunganisha vipande vilivyotoka vizuri, hakuna atakayejua. Pasi alikataa katakata. Alisema radhi ya mtu haiombwi kwa vipande, na kesho yake alikuwa studio kabla ya mwenye funguo.

Siku ya kumi na mbili aliuimba wote bila kusimama. Sauti ni nzito, ina mikwaruzo, na neno la mwisho limepasuka kidogo. Alikataza lisafishwe. Nakiri nilipoteza mapigo pale, na hilo nalo limebaki.

Tuliurusha Ijumaa adhuhuri. Asante, Pasi, kwa ukaidi wako na kwa kutufundisha kumaliza kazi. Tunakutakia siku njema, koo lenye afya na usingizi mwororo. Nao ujumbe huu uliachwa mapokezi saa saba kasoro, tumeombwa tukufikishie: "Mwambieni nimewasamehe wote wawili."