Aliyeonja Kwanza

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya! Mkiitikia kivivu hivyo nitarudi kulala. Shule sikwenda, nitasema kama ninavyojua.

Ndugu zangu, nakaa Matogoro, kwenye zile nyumba za wazee za serikali. Chumba kimoja, vitanda viwili, mimi na bibi mwenzangu, marehemu Tekla. Watoto wetu hawaji. Anayekuja ni mama wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na dumu lake kutoka Madaba. Anapiga goti vizuri kuliko wakwe zetu: "Shikamooni, bibi zangu." Anamimina, anaonja yeye, ndiyo anatupa. Si desturi yetu? Akionja mwenye pombe, haina sumu. Basi sisi tukawa tunakunywa asubuhi badala ya uji.

Tekla akavimba miguu, macho yakawa njano. Nesi akaja, sauti ya puani kama nzi kwenye chupa: "Bibi, ini limechoka. Pombe basi. Umeze vidonge hivi." Tekla akakiangalia kile kidonge. "Mjukuu wangu, mwenzio ameonja mbele yangu. Wewe chako umekionja?" Nesi wa watu akafunga mkoba wake. Mimi nikacheka mpaka kanga ikafunguka.

Nilicheka, ndugu zangu! Kicheko kile kinanikaba mpaka leo.

Tumbo likajaa maji. Akafa kanishika mkono, anaomba kikombe. Kuitiwa padri hakuomba.

Msibani nani kafika wa kwanza? Mama wa dumu. Analia kushinda ndugu wa marehemu. Akapiga goti, akaonja, akanipa. Koo linawaka kwa hamu. Nikasema kimoyomoyo, Bwana nishike, mwenyewe siwezi. Mdomo ukafunguka: "Hata huyu aliyelala ndani ulimwonjea." Nikaumwaga ulanzi chini. Nguvu ile haikuwa yangu!

Toka siku ile sijanywa. Nilitetemeka, nilitapika, nesi yuleyule akaniuguza. Vidonge vyake haonji, nameza hivyohivyo.

Namshukuru Mungu, ila sitawadanganya kwamba nacheka. Kitanda cha pili kiko wazi. Nyie wazee wenzangu mnaonuka ulanzi humu humu, msiangalie dari! Kikombe kichungu Yesu alishakionja, wala hakutuambia ni kitamu. Mwaminini huyo. Na wewe mama, uko pale nyuma unajifunika kanga, njoo mbele tuombe wote. Dumu liache nje.