Anaumwa Kidogo: Historia ya Marehemu Dkt. Tamimu Saidy Kondo

Assalaam alaykum. Masheikh, wazee wetu, walimu mliotoka Dar es Salaam, jamaa mliovuka kutoka Kiongoroni na maji ya alfajiri, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi hapa Kibiti, familia inawapokea na inawashukuru. Historia hii ilitakiwa isomwe na mtu mwenye heshima zake, akatafutwa, akakosekana, ndipo akaitwa mtoto wa mjomba wa marehemu, baharia mstaafu aliyefika bandari nyingi za dunia na kuombwa kwa adabu aondoke katika nyingi ya hizo, kwa sababu sauti yake inasikika hata umeme ukikatika. Mtamvumilia.

Marehemu Dkt. Tamimu Saidy Kondo alizaliwa tarehe 3 Machi 1974 katika kijiji cha Kiongoroni, huko deltani, wakati huo ikiwa Wilaya ya Rufiji na sasa Kibiti, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Saidy Kondo, mkata mikoko, na marehemu Bi. Sihaba, ambaye maji yakijaa alikuwa akimfunga mwanawe kamba kiunoni, maana mtoto huyo akiona maji yanazunguka mahali huyafuata akayaulize sababu. Aliyeshika ncha ya pili ya kamba ni dada yake, Bi. Mwanaharusi, aliyemzidi miaka minane, na wanaowajua wote wawili watakubali kwamba kamba ile haikufunguliwa kamwe, hata pale mmoja wao alipojaribu kuikata kwa meno.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kiongoroni kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, na sekondari ya bweni mkoani Tabora kuanzia 1989 hadi 1995, na alipokuwa akingoja matokeo ya kidato cha sita alifanya kazi Ikwiriri, dukani kwa Bwana Shabir Walji, ambaye amekaa safu ya mbele hapo, akiuza nyavu, misumari, na zile chubwi za risasi zinazozamisha nyavu. Alipozidi kuuliza kwa nini kitu kidogo kama kile kiwe kizito namna ile, Bwana Walji alimwambia, "Tamimu, uza risasi, usizichunguze," na kama mnavyoona, ushauri huo haukufuatwa. Mwaka 1996 alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu shahada ya fizikia mwaka 1999, akaenda Afrika Kusini kwa shahada ya uzamili na baadaye ya uzamivu, aliyoipata mwaka 2009.

Tarehe 12 Agosti 2000 alifunga ndoa na Bi. Muzdalifa wa Ikwiriri, mfanyabiashara wa ufuta, mwanamke aliyeweza kumnyamazisha marehemu kwa kumtazama tu, na mwaka uliofuata Mungu akawajalia mtoto wao wa pekee, Shamsia. Bi. Muzdalifa alitangulia mbele ya haki tarehe 20 Desemba 2014, mumewe akiwa ameushika mkono wake, na Shamsia akalelewa na shangazi yake, Bi. Mwanaharusi, katika nyumba hii mnayoiona.

Kuanzia mwaka 2010 marehemu alifanya kazi katika maabara kubwa iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, na kwa faida ya sisi tuliozijua nchi hizo kwa kufua nguo za mabaharia wenzetu, familia imeona ieleze kazi yenyewe. Huko wanachukua madini ya risasi, haya haya ya chubwi, wanatoa viini vya chembe zake visivyoonekana kwa jicho, wanavikimbiza pande mbili ndani ya pete iliyochimbwa chini ya ardhi, ambayo mzunguko wake ni kama mwendo wa kutoka hapa Kibiti hadi Ikwiriri, mpaka vinagongana kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Vikigongana, kwa muda mfupi sana kuliko kufumba jicho, vinayeyuka vikawa uji wa moto, ule ambao wataalamu wanasema ulijaza ulimwengu wote mwanzoni kabisa, na kazi ya marehemu ilikuwa kuchunguza uji huo unavyotiririka. Mgongano wenyewe hakuna aliyewahi kuuona, kinachobaki ni maelfu ya vipande vinavyopita ndani ya mtambo mkubwa kama ghorofa, na kwa wingi wa vipande hivyo na upande vilikoelekea, ndipo mtu kama Tamimu husema, hivi viligongana uso kwa uso, hivi vilipitiana ubavu. Bwana Walji alipoelezwa haya alitikisa kichwa akasema, "Mimi nilimlipa aziuze, Wazungu wanamlipa azivunje."

Pete ile sehemu kubwa ya mwaka hugonganisha vitu vyepesi zaidi, risasi hupewa kama mwezi mmoja tu, mara nyingi kuelekea mwisho wa mwaka, na watu wa risasi huungoja mwezi huo kama mkulima wa bonde letu anavyongoja mto ushuke apande mlau, kile kilimo cha unyevu unaobaki, ukimpita, mpaka mwakani.

Sasa historia imefika mahali ambapo familia nyingi hupita kimya kimya, na sisi tungepita, lakini mwenye jambo lake, Bi. Mwanaharusi, ameagiza lisomwe, na hakuna mwanamume katika ukoo huu mwenye ubavu wa kumkatalia.

Tarehe 14 Novemba 2018 mama yao, Bi. Sihaba, alifariki dunia hapa Kibiti. Wazee wakakaa, wakaamua kama tunavyoamua sote, kwamba mtu aliye mbali haambiwi msiba kwenye simu akaja kuanguka peke yake ugenini, anaambiwa kuna mgonjwa, njoo, kisha anapokewa na watu wake, anakalishwa, ndipo anaambiwa. Kila mtu wa huku akiitwa hivyo anafunga mzigo. Bi. Mwanaharusi akapewa simu, mama yake akiwa amelazwa chumba cha pili, akasema, "Tamimu, mama anaumwa kidogo. Njoo." Marehemu alikuwa kiongozi wa zamu, msimu wa risasi ndiyo kwanza umeanza, akauliza, "Kidogo kiasi gani?" Dada mtu akajibu, "Kidogo tu, lakini njoo." Naye akasema, "Kama ni kidogo, dada, acha nimalize msimu. Mwambie namletea zawadi." Bi. Mwanaharusi akafungua mdomo, wazee wakamtazama, akaufunga.

Mtu huyu alikuwa akilipwa kulitambua jambo asiloliona kwa vipande vyake, lakini siku hiyo aliletewa sauti ya dada yake ikiwa vipande vitupu, yeye akaamini neno. Miaka ya ugenini ilikuwa imemsahaulisha jinsi sisi tunavyozungumza na msafiri.

Alirudi tarehe 6 Desemba 2018, bila kumwambia mtu, kwa nia ya kumshtukiza mama, na kwapani alikuwa na blanketi la umeme la kupasha miguu joto, zawadi kwa mtu wa Kibiti, ambako joto tunaligawa bure. Pale stendi dereva wa bodaboda akampokea begi, akamwambia, "Pole sana, daktari. Mama alikuwa mtu wa watu." Marehemu akauliza, "Alikuwa?"

Alipofika hapa hakupiga kelele. Alimwambia dada yake, "Wa bodaboda anajua. Muuza karanga anajua. Mimi mwanawe ndiye niliyedanganywa." Bi. Mwanaharusi akamwambia, "Tulikuhurumia, mdogo wangu." Akajibu, "Huruma ya kunizikia mama bila mimi kujua, kesho nisiione tena." Chakula kilikuwa kimeshaandaliwa, akakiacha kimefunikwa, na tangu siku hiyo hakutia kitu mdomoni katika nyumba ya dada yake. Kila Idi alikuja, akasalimu, akagawa zawadi kwa watoto, akakaa barazani na chupa ya maji aliyoinunua njiani. Wanaojua kupika watatuambia maumivu ya jambo hilo, sisi wengine tunajua kula tu, na tulikula sehemu yake kwa uchungu mkubwa. Bi. Mwanaharusi naye alikuwa na lake moyoni, kwamba amemlelea mtu huyu mtoto, ameosha maiti ya mama yake peke yake, ilhali mwenyewe aliitwa na akachagua risasi. Kila mmoja alijiona amesalitiwa na mwenzake, na wote wawili walikuwa na haki, ndiyo maana suluhu haikupatikana.

Mwaka 2020 marehemu aliacha kazi Ulaya, akarudi kufundisha chuo kikuu Dar es Salaam. Binti yake akafuata nyayo, na mwanzoni mwa Novemba mwaka huu, 2025, Shamsia alifika kwa mara ya kwanza katika maabara ile ile, msimu ule ule wa risasi, akapangiwa zamu.

Kuhusu ugonjwa, mwezi Agosti mwaka huu madaktari wa Dar es Salaam walimgundua marehemu kuwa na saratani ya kongosho, iliyokwisha kuenea, naye hakumwambia mtu. Tarehe 11 Oktoba alikuja hapa, akaingia hadi jikoni, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akasema, "Dada, nina njaa." Bi. Mwanaharusi, aliyeingoja sentensi hiyo kwa miaka saba, hakuuliza kitu, akapika wali wa nazi na kambamti, na marehemu akala vijiko vichache akasema ana vidonda vya tumbo. Mwezi mzima dada mtu alitembea mjini kama aliyefungua biashara mpya, akiamini amesamehewa. Tarehe 9 Novemba marehemu alianguka, akapelekwa hospitali, na daktari, akidhani familia inajua, akaeleza yote, ndipo Bi. Mwanaharusi akaona kwamba mdogo wake hakuja kusamehe, alikuja kufa.

Alimsubiri arudishwe nyumbani, akasimama miguuni pa kitanda, akamwambia, "Miaka saba umeninyima mdomo wako kwa uongo mmoja. Wewe unanidanganya tangu Agosti, tena huku unakula wali wangu." Marehemu akasema, "Wali ulikuwa mzuri, dada." Kisha akaomba jambo, "Shamsia asiambiwe. Ndiyo kwanza ameingia zamu, na risasi ni mwezi mmoja tu. Mwambie naumwa kidogo. Niahidi." Bi. Mwanaharusi akaahidi.

Akatoka nje hadi kwenye simtanki, akapiga simu, na Shamsia akauliza, "Shangazi, baba hajambo?" Akamjibu, "Baba yako anakufa, mwanangu. Si kidogo. Njoo."

Ameagiza isomwe hivi alivyosema mwenyewe, kwamba amemsaliti mdogo wake mara mbili, mara ya kwanza kwa kusema uongo, mara ya pili kwa kusema kweli, na akiulizwa kesho mbele ya Mungu ataitetea ya pili tu.

Shamsia aliwasili tarehe 13 Novemba, zamu yake ikashikwa na mwenzake, na risasi zimeendelea kugongana bila yeye wala hazikumuulizia. Marehemu alipomwona mlangoni alimgeukia dada yake akasema, "Umenisaliti tena." Bi. Mwanaharusi akajibu, "Ndiyo. Kula." Akala. Siku zilizofuata baba na binti walizungumza habari za mtambo mpaka sisi wengine tukasinzia, na miguu yake ilipoanza kuwa baridi, lile blanketi la umeme, lililokaa kabatini tangu mwaka 2018 bila kufunguliwa, likachomekwa, na kwa mara ya kwanza likapata kazi Kibiti. Alifariki dunia jana, Alhamisi tarehe 27 Novemba 2025, mara baada ya Magharibi, mikononi mwa binti yake, dada yake akiwa ameshika miguu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule daktari aliyesema bila kujua kwamba hakutakiwa kusema, inawashukuru majirani kwa maji, kuni na mikeka, Bwana Walji kwa turubai na mchele, walimu wenzake, na wenzake wa ng'ambo waliotuma salamu za rambirambi kwa lugha nne, ambazo msomaji wenu anazijua zote kwa matusi tu. Tunawaomba radhi pia wale waliopigiwa simu jana na Bi. Mwanaharusi, maana alipiga mwenyewe, Kiongoroni, Dar es Salaam na Ulaya, na kila aliyepokea aliambiwa moja kwa moja, "Tamimu amekufa," wengine simu zikawaanguka, na wako wazee waliochukia. Mtuwie radhi. Hakuna aliyeifahamu habari hii kwa mtu wa bodaboda.

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Tamimu, umekufa, na tumesema umekufa. Binti yako yupo. Pumzika kwa amani, dada yako ameshika kamba.